Sukari Iliyoungua

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, isipokuwa mdomo wangu, ambao unajua hauna dawa.

Kile kitabu cha historia ya kampuni ya soda walichonipa niandike nimekimaliza. Jana mkurugenzi aliniita ofisini, mkononi ana sura ya pili, ile inayoeleza ulivyosahau sukari motoni kiwandani ikaungua, ukaionja badala ya kuimwaga, ukaongeza tangawizi, ukashikwa na kwikwi hadi wenzako wakaiita soda hiyo Kwikwi.

"Mzee wetu ndiye aliyeivumbua," akasema. "Shangazi yako alikuwa muosha chupa."

"Muosha chupa aliyejua kuonja," nikamjibu. "Mzee wenu alijua kufunga vizibo tu."

Akacheka, akapiga funda la soda yake, na kwikwi ikamkamata hapohapo.

"Itikia, bosi," nikamwambia. "Shangazi anabisha hodi."

Katibu wake alicheka mpaka akatoka nje. Lakini mkurugenzi hakubadili neno. Kitabu kitasema marehemu baba yake alioteshwa soda hiyo ndotoni.

Najua ulinikataza ugomvi. Ulisema jina halijazi tumbo. Nimekutii nusu: sikumtukana. Nilimwambia jina lako likifutwa, na langu lifutwe kwenye jalada. Limefutwa. Sasa kitabu hakina mwandishi, kama soda yao isivyo na mpishi.

Sura ya pili nimeitia ndani ya bahasha hii. Itakuwa na msomaji mmoja tu, naye ndiye aliyeunguza ile sukari.

Mwanao mbishi