Kisigino Kwanza, Dada

Dada yangu Nyemo, mbukwa,

Tangu tulipokuzika kule Gulwe sijawahi kukuandikia. Nilijiambia kwamba barua ni za watu walio hai. Leo nimevuliwa kiatu mbele ya watoto, au tuseme nimekivua mwenyewe, na sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka kiwanja chetu nyuma ya nyumba? Ulikuwa umeachishwa shule darasa la tatu ili umhudumie bibi, ukaamua kwamba ulichokibeba kutoka shuleni hakitaoza kichwani. Ulinyunyiza maji kidogo, yale yaliyobaki baada ya kuosha vyombo, vumbi likatulia. Ukachonga kijiti cha mgunga, tukaandika chini. Ba, be, bi. Baba. Kalamu. Daftari. Nikikosea nilikimbilia kufuta, nawe ulinishika mguu hewani.

"Soma kwanza ndipo ufute, wee! Kisigino kwanza, halafu unyayo wote. Usichimbe kama kuku."

Basi nikaingia darasa la kwanza nikijiona msomi. Miaka ile maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu, na binti wa bwana shamba alikuja na mkoba wenye kila kitu. Mwalimu aliazima vitu vyake ili atufundishe majina. Kalamu, tukaitikia. Rula, tukaitikia. Kisha akaficha kitu kiganjani, akauliza, "Nani anajua kifutio ni nini?"

Nilinyoosha mkono kabla ya wote. Nikasimama, nikainua mguu wangu wa kulia juu ya dawati ili wote wauone.

"Kifutio ni hiki, Mwalimu."

Dada, sijasikia kicheko kama kile tena. Mwalimu alifungua kiganja, na pale palikuwa na kidude cha rangi ya waridi kinachonukia kama peremende. Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mwalimu, cha kwake kina vidole vitano! Na magaga!" Hadi tunamaliza darasa la pili niliitwa Kifutio. Nilijifunza kukaa nimekunja miguu chini ya sketi, na mpaka leo hivyo ndivyo ninavyokaa.

Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukaangalia mguu wako mwenyewe. "Hata hiki changu kimepasuka," ulisema, "lakini kinafuta." Kesho yake asubuhi ukaniosha miguu kwa maji ambayo mama alikuwa ameyaweka kwa ajili ya ugali, ukanipaka mafuta ya alizeti. "Kama ni kifutio, basi kiwe safi." Nilifika shuleni vumbi limeganda maradufu kwenye mafuta. Sikukwambia.

Sasa mimi ni mwanachuo wa ualimu, niko kwenye mazoezi ya kufundisha katika kijiji kimoja cha Chamwino. Ukuta wa darasa letu umebomoka upande mmoja, tunasomea kwenye kivuli cha upande uliobaki. Ubao hatuna, kwa hiyo naandika chini, na watoto wanaandika chini. Leo mkufunzi wangu alikuja kunikagua. Akisema sifai, sitahitimu. Nilivaa viatu vyeusi vya kufunika, niliandika "maji", watoto wakasoma vizuri, nikataka kuandika neno jingine. Mguu ukatoka kwenye kiatu wenyewe. Kisigino kwanza, halafu unyayo wote.

Watoto hawakucheka. Wote waliinua visigino, wakafuta ya kwao.

"Mwalimu!" mkufunzi aliniita kutoka kwenye kiti chake. "Vaa kiatu. Unafundisha au unacheza?"

"Samahani, mkufunzi," nikasema. Lilinitoka haraka, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Masikio yaliniwaka vilevile kama siku ile. Lakini si hilo linaloniuma. Mbele yangu alikaa msichana mdogo, jina lake Mbeleje, ambaye mguu wake ulikuwa bado hewani. Alinitazama nikivaa kiatu. Kisha akaushusha mguu taratibu, akauficha nyuma ya mwenzake.

Nimeona namna alivyokunja miguu, dada. Naijua. Ilinichukua kicheko cha darasa zima kujifunza namna hiyo, na yeye ameipata kwa neno langu moja.

Mkufunzi amelala kijijini, atakuja tena asubuhi. Kwenye andalio langu la somo la kesho kuna majina ya vifaa vya shule: kalamu, daftari, rula, kifutio. Ninazo kalamu na rula. Kifutio cha dukani sina, na wao hawana. Naogopa, sikufichi.

Lakini nimeviweka viatu mlangoni, na kesho vitabaki hapo. Nitauliza swali lile la kifutio, kisha nimtazame Mbeleje mpaka ainue mguu.

Maji ya hapa ni ya shida kama ya kwetu. Nimeomba kibakuli kwa mama mwenye nyumba, nimeosha miguu yote miwili. Mafuta nitapaka asubuhi.

Lala salama, dada.

Mdogo wako uliyemfundisha kufuta.