Sheni Yenye Ulinitumia

Mpofi, tarehe 9 mwezi wa kumi na moja

Kwa kaka yangu Isidore, kule Muheto,

Nakusalimia kwa jina ya Bwana, wewe na Mama na bibi yako Valérie. Baridi ya mulima inawatesa? Mama angali anakohoa asubuhi? Maharagi ilitoka muzuri? Mimi niko muzima mu mwili. Huku mvua inanyesha juu ya pori kila siku, na kama inanyesha hakuna muntu anapita mbele ya mulango yangu.

Mu barua yako uliniuliza sababu gani sijarudia nyumbani tangu mwezi wa tano, ao kama nilipata mwanamuke huku. Valérie aliongeza chini kwamba kama iko mwanamuke, nimulete wamuone. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mwanamuke iko, kaka, lakini ni wa umri ya kunizaa. Anaitwa Mama Adelaïde. Bwana yake alikuwa muwindaji, alikufa zamani. Kila asubuhi niko mu shamba yake: napanda mihogo, napalilia karanga, namuchotea maji. Pikipiki yangu ya kubeba abiria iko nyuma ya nyumba, nimeifunika na majani ya ndizi.

Ile ajali nilikuandikia, kwamba tuliteleza mu matope kwenye mutelemuko ya kijito na abiria akavunjika muguu: abiria ile njo yeye. Alikuwa anaenda soko na bidoni mbili ya mafuta ya mawese. Wanaume ine walimubeba na tipoyi, machela ya miti, saa mbili nzima mpaka ku kituo ya afya, na mimi nyuma yao, nimeshika viatu yake mu mukono.

Batu ya Mpofi walinihurumia. Walisema bamotari wengine, wenye kubeba batu na pikipiki, wanakimbiaka, huyu amebakia analima. Mu kanisa Mama Adelaïde alisimama na fimbo yake, akashukuru mbele ya wote kwamba Mungu alimunyima mutoto wa kuzaa, sasa amemupatia moja kutoka kwetu Masisi. Nilikuwa ku benchi ya nyuma. Kaka, tangu siku ile siwezi tena kukaa na batu. Wakinialika kula, nasema niko na homa. Nakula peke yangu, nalala peke yangu, na luga yao, Kinyanga, najua maneno ya salamu tu.

Sasa unisikilize. Kazi hii ulinifundisha wewe. Ulisema nisichague sheni, munyororo ya pikipiki, sababu tu inang'aa; nisome namba yenye iko ku kiungo, nihesabu viungo, iwe sawa na ya zamani. Nisibadilishe sheni peke yake, nibadilishe na meno yake ya mbele na ya nyuma, ile ya duara yenye inazungukia, sababu meno ya zamani inakula sheni mupya. Ikifungwa, icheze juu na chini vidole mbili, hapana zaidi. Niisafishe na petroli na burashi, niipake mafuta safi, hapana ile nyeusi ya kutoka mu moteri. Na kama naivuta kwa nyuma na naona nusu ya jino, imekufa, hata kama ingali inatembea. Mu mwezi wa tatu ukanitumia karatoni kwa mukono ya Patient, motari mwenzetu, sheni mupya na meno yake mbili. Nikakuandikia kwamba niliifunga siku ile ile.

Sikuifunga. Niliiona nzuri sana, nikasema matope itaiharibu bure, nitaifunga wakati ya jua. Ile ya zamani ililegea, nilikuwa nimeisha kuikata kiungo mara mbili. Asubuhi ile niliivuta, nikaona jino karibu nzima, na nikamuambia Mama Adelaïde apande. Mu mutelemuko ikakatika, ikajizungusha ku gurudumu ya nyuma, gurudumu ikakwama. Matope ilikuwako, ni kweli. Lakini hapana matope njo ilimuvunja.

Juma yenye imepita nilimuambia yote. Alikuwa anamenya karanga, na hakuacha kumenya. Akauliza, "Basi, njo sababu unanilimia?" Nikaitika. Akaniomba niondoke. Siku tatu mulango yake ilifungwa, na jembe nilikuta ameiweka inje, ku njia. Siku ya ine alituma muntu aniite. Hakunikaribisha ndani. Alisema hajui kama atanisamehe, sababu muguu ingali inamuuma kila mvua ikikaribia, lakini mihogo haiwezi kungojea roho yake itulie. Kisha akauliza nani mwingine nilidanganya. Nikasema, kaka yangu. "Muandikie," akaniambia. "Mimi peke yangu kujua haitoshe."

Njo nakuandikia. Siombi unitetee. Nitabakia huku mpaka mihogo ivunwe, kama ataniacha. Kama uko na hasira, niandikie na hasira, lakini niandikie. Huku batu yote wananiita Motari tu. Mama Adelaïde peke yake alikuwa ananiita mutoto yangu, na jana naye aliniita Motari.

Mama umuambie wewe, polepole, akiisha kula. Umusalimie Valérie na majirani yote ya kilima. Mungu alale nanyi mu nyumba.

Ni mimi mudogo yako,
Jérémie Byukusenge