Mpima Joto la Nyota Kaja kwa Shangazi Justa

Hellen uko wapi?? Obedi, yule mchumba wa zamani wa shangazi Justa, yuko sebuleni kwetu Buswelu!

Mwaka 1995 alipokuja kujitambulisha, babu alimshuku. "Unapima joto la nyota kwa mwanga usioonekana? Nani anakulipa?" Babu aliamini nyota ni kisingizio tu, anawatafutia wazungu dhahabu. DHAHABU, Hellen!

Shangazi alishuku jingine. Akamuuliza mbele ya wote, "Ukienda ng'ambo kwenye darubini za hao wazungu, utarudi?" Obedi akaanza kuzisifia darubini. Shangazi akavua pete ya uchumba akamrudishia.

Sasa kastaafu, kazipima nyota mpaka kachoka, eti kaja kusalimia tu. Kusalimia!

Shangazi kamtazama weee. "Mkeo hajambo?"

"Sikuoa, Justa."

"Hilo nitalichunguza mwenyewe," shangazi kasema. "Kaa, unywe chai."