Jasho Langu Limenipigisha Rungu

Omolo rafiki yangu, nimepigwa. Mimi! Nimepigwa rungu hapa soko ya mbuzi Kajiado, ati mwizi!!

Unajua vile mikono yangu hutiririka jasho. Nilikuwa nachagua mbuzi ya ubatizo wa mtoto. Mzee Parmuat, mwenye mbuzi, akaninyooshea mkono tusalimiane. Nikaficha mikono yangu kwa mfuko. Niliona aibu bana.

Hapo hapo akagundua mbuzi yake moja haiko.

"Huyu amekataa kunisalimia! Anaficha nini?"

Watu wa soko wakanivuta mikono kutoka kwa mfuko. Inadondoka maji. Jamaa mmoja wa koti ya kijani akapiga nduru, "Mikono ya mwizi hiyo! Oneni vile anaogopa!"

Rungu yake ya kwanza, bega. Ya pili mdomo. Jino limetoka, Omolo. JINO. Nimelishika hapa.

Nikalia, "Ni ugonjwa! Daktari amesema!" Na ni ukweli. Juzi aliniambia ni neva zinasukuma jasho bila sababu, na nikiogopa linazidi. Akanipa dawa ya kupaka kabla ya kulala. Sasa niwaeleze hayo nikiwa chini wananikanyaga? Walicheka. Wakinipiga jasho linazidi, likizidi wananipiga zaidi!

Mbuzi ilipatikana kwa kundi la jirani. Inakula tu. Shenzi.

Unajua nini inaniuma kuliko hili jino? Yule wa rungu alibaki hapo anahema, anapangusa uso, koti imelowa jasho chapachapa. Na hakuna mtu alimuuliza ameiba nini.