Mashavu Achague Njia Ipi

Kichangani,
Morogoro.
16 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Abdulswamad,

Shikamoo. Hali yako huko Glasgow? Mgongo umekuachia? Huku tu wazima, ila mimi nimechoka, Mjomba, sitaki kukuficha. Mama yuko vilevile tangu kile kiharusi. Mkono wa kulia bado hausikii, lakini ulimi umefunguka, na kila simu ikilia anadhani ni wewe mdogo wake. Barua hii anakuletea Joyce, binti wa jirani, anayekuja huko masomoni. Kwenye simu mambo haya nayaanza kisha nakatisha.

Kinole kwa Shangazi Chausiku mvua zimepungua, baridi imeshuka. Mimi bado nauza viungo Msamvu. Alfajiri namgeuza Mama, namsafisha, namlisha, kisha namwachia Mama Joyce hadi nirudi. Nikirudi naanza upya. Usingizi wangu siku hizi ni wa vipande vipande.

Sasa lile sanduku la mchezo ulilotuletea. Tunacheza kila Jumamosi alasiri, hapohapo sebuleni penye kitanda cha Mama. Hafidha, binti wa Shangazi Chausiku, ndiye msimulizi: anatueleza tumefika wapi na zimwi gani limetuziba njia, nasi tunasema tunafanya nini, dadu zinaamua. Mdogo wangu Twalibu, ambaye sasa anakaa Kingolwira, ni mganga wetu. Rafiki yake Ernest anarusha moto. Mimi ni mpiganaji wa shoka, na nimempa jina la Bibi, mama yenu: Mashavu. Usikasirike. Mama aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

Mashavu alipofika daraja la tatu ikabidi achague njia, maana wapiganaji wako wa namna nyingi. Mimi nilitaka ile inayoumiza adui kuliko zote. Wiki nzima nabembeleza wateja; Jumamosi nataka kupiga tu. Nikabaki na mbili. Kuna njia ya Bingwa: pigo lake zito hutokea mara nyingi zaidi kidogo kuliko la wengine, hana cha kukumbuka, anapiga kutwa bila kuchoka. Na kuna ya mbinu: kila mbinu humwongezea dadu kwenye pigo, na anaweza kumwangusha adui ili wenzake wammalize. Lakini mbinu ni chache. Zikiisha, sharti apumzike ndipo zirudi.

Nikasema nachukua Bingwa. Twalibu akakataa, amekwisha piga hesabu kwenye simu yake.

"Dada, huyu wa mbinu ndiye anaumiza zaidi. Mradi apumzike kila baada ya pambano."

"Apumzike wapi, na mazimwi yako mlangoni?"

"Si sisi tupo? Tutakulinda."

Mjomba, sijui ilitoka wapi. Niliweka dadu chini nikamwambia, "Unilinde wewe? Tangu Mama aanguke umemgeuza mara ngapi? Unakuja Jumamosi, unakula, unacheza, unaondoka."

Hafidha akainamia kitabu chake. Ernest akaanza kutafuta viatu. Nilipogeuka, Mama alikuwa macho, amesikia yote. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo akasema, maneno yakiburuzika, "Twalibu. Kesho uje wewe."

Akaja kweli, na mfuko wa nguo, huku anaogopa hata kumgusa Mama. Nikamwonyesha namna ya kumgeuza bila kumvuta bega. Kisha akanisindikiza hadi mlangoni. "Nenda Kinole, Dada. Na usipige simu." Nikaenda kwa Shangazi, nikala, nikalala mpaka jua likazama. Niliporudi kesho yake nilimkuta Mama amenuna.

"Uji wake una mabonge," akaniambia. Lakini bakuli lilikuwa tupu.

Siku hizi Twalibu huja Jumatano na Jumapili. Sikudanganyi kwamba nimepona. Uchovu wa namna hii hauondoki kwa kulala mara moja. Yeye naye huchelewa, tukagombana. Lakini huja.

Juzi, tulipokutana tena mezani, nikamchagulia Mashavu njia ya mbinu. Tulikuwa pangoni, zimwi la mawe mbele yetu. Nikatumia kila nilichokuwa nacho: nikaliangusha, nikaongeza dadu juu ya dadu, Ernest anapiga kelele kama yuko uwanjani. Likafa. Mara yakaingia mengine mawili, na mimi sina kitu.

Hafidha akauliza, "Mashavu anafanya nini?"

"Ameishiwa," nikasema. "Anakaa chini."

Zamu ya Twalibu ilikuwa bado. Akasogeza kete yake, akaiweka mbele ya yangu, akaikazia kwa kidole kama vile mtu atainyang'anya. Hafidha aliona, akamwachia. Nami nikaegemea kiti, nikawaacha wapigane.

Msalimie Mkazamjomba, na mwanao Halidi mwambie asome. Shangazi Chausiku anakusalimu, na Mama ananiambia niandike kwamba anakungoja. Mungu akukinge na baridi ya huko, atukutanishe sote tukiwa na afya.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, japo naandika nikisinzia,

Raya