Kiazi ya Mgeni

Mpendwa Mama Nabwire,

Huko uliko najua hujambo, maana huko hakuna mlima. Mimi pia sijambo. Meno imebaki ya mbele tu, ya kuchekea, na hiyo inatosha. Barua hii naandika mwenyewe, na zile herufi katekista alinifundisha ili nibatizwe. Shule sikukanyaga, na bado nimeshinda wengi. Naiacha wazi kila mtu asome. Wewe ulikuwa unaambia watu mzee wako hata akikohoa, ni uongo imetoka. Basi leo mashahidi wawepo.

Nataka kukuambia vile jina ya kijiji yetu Mabale ilikuwa karibu kufa, na vile wewe uliiokoa ukiwa umelala tu nyuma ya nyumba, chini ya yale maua Nabwire alipanda.

Lakini nianze mbali kidogo. Unanijua.

Unakumbuka ile siku ya kwanza? Ulikuwa umesimama pale Busia, upande wa kwenu Kenya, na gunia ya sabuni, jua inakuchoma mpaka pua inang'aa. Kutoka kizuizi ya kwenu mpaka kizuizi ya kwetu ni mwendo wa kuvunja mgongo. Mimi nikafika na baiskeli yangu nyeusi, nimefunga mto ya pamba kwa keria, naita, "Boda, boda!" Leo kila kijana mwenye pikipiki anajiita boda boda, Kampala mpaka Mombasa, na hakuna hata mmoja ameniletea kuku ya asante. Mimi ndio nilianza! Ukisikia mzee mwingine anasema ni yeye, huyo ni mwizi. Na wewe, badala ya kunishuhudia, unaambia watoto, "Ni kweli, baba yenu alikuwa wa kwanza. Wa kwanza kutoka nyuma."

Ulipanda, ukauliza, "Unanipeleka mpaka wapi?"

Nikasema, "Mpaka mwisho wa barabara."

Hapo sikudanganya. Barabara yetu inatoka kwa lami, inapita Dabani, inapanda, inakonda, inakuwa ya ng'ombe, inakuwa ya mbuzi, halafu inaishia kwa mlango wetu. Siku nilikuleta kama bibi ulisimama hapo, ukatazama mawe huku na mawe huku, ukatazama jabali ya Tororo kule mbali imekaa peke yake kama jino ya mwisho ya mzee, ukasema, "Kumbe mwisho ni mwisho kweli."

Ile jabali nilikuwa naeleza watoto kila wakati. Babu yangu, baba wa watu wote wa Mabale, alitoka ziwani akifuata ng'ombe yake iliyopotea. Akafika hapa juu, akakuta fisi anaimeza. Babu akang'oa jiwe hapa uani, shimo yake bado iko, ndio tunatupa majivu, akarusha. Jiwe ikaanguka Tororo, na mpaka leo hakuna mtu ameweza kuitoa.

Nabwire akauliza, "Na fisi alikufa?"

Nikasema, "Alikimbilia Kenya."

Na wewe, bila kuinua macho kwa mboga yako, ukasema, "Alirudi. Mimi nimeolewa naye."

Haki, Mama Nabwire, nilikosa jibu siku hiyo, na mimi sio mtu wa kukosa jibu. Nimetafuta mpaka leo. Nikipata nitakuandikia.

Mambo ingine ya hapa ulijua kunishinda. Mimi nilikuwa naambia wageni Mabale ni mahali pazuri, upepo safi, unaona Uganda na Kenya bila kulipa. Wewe unatua jerikani, unapangusa shingo, unasema, "Mwambie mgeni maji iko wapi." Maji iko bondeni, kwa kinamasi. Umepanda na hiyo maji tangu ujana mpaka nywele nyeupe. Ulikuwa unasema kama kuna mtu anataka kujua urefu wa huu mlima, asipime na kamba, apime na shingo yako. Wale wa bondeni walikuwa wanacheka, "Watu wa mawe, mnakunywa jasho!" Na wewe unawajibu, "Afadhali jasho, nyinyi mnakunywa na chura ndani anaoga."

Na watu. Ulikuwa hutaki kabisa mtu ahesabiwe kwa mdomo. Mtoto akisema, "Sisi tuko wangapi?" unamfinya sikio. "Mtu hahesabiwi. Kuku ndio tunahesabu, na unaona mwewe anavyozijua." Wewe ulihesabu kwa viazi. Asubuhi unatazama nani amelala hapa, wa kwetu na wa jirani, unaweka kwa sufuria kiazi ya huyu, kiazi ya yule, kimya kimya. Na juu unaweka moja ingine. Hiyo ni ya mgeni.

Mimi nilikuwa nakuchokoza. "Mgeni gani? Barabara inaishia hapa. Nani atapita?"

Ukasema, "Ndio sababu. Mtu hapiti Mabale. Ukimwona hapa, ni sisi amekuja kuona."

Tangu uende, asubuhi naweka viazi mbili. Moja yangu, moja ya mgeni. Mgeni asipofika nakula zote. Ndio maana watu wanasema mjane huyu mbona ananona.

Sasa ndio nafika kwa maneno yenyewe.

Mwaka jana chairmani wa LC, ile baraza ya kijiji, alipanda kuja kwangu, anahema kama mvukuto. Akasema, "Mzee, sensa inakuja. Yule atalala kwa nyumba yako usiku ile, ndio mtu wako. Wanasema kijiji ikiwa na watu kidogo wataiunganisha na jirani. Sisi na wale wa bondeni."

"Na jina itakuwa ya nani?"

"Ya wenye watu mingi."

"Na ile kisima ya pampu tuliahidiwa?"

Akatazama vidole vya miguu yake. "Pampu inafuata watu, mzee."

Mama Nabwire, nilitazama Mabale siku hiyo. Moshi inatoka kwa nyumba chache tu, na kila moshi ni ya mzee ao ya mjane. Watoto hawajakufa. Wako! Nabwire anauza mitumba soko ya Busia upande wa Kenya, amepanga chumba huko huko. Wandera wetu ni ejenti wa kukilia mizigo kwa forodha ya Malaba, huko huko Kenya, analala na foleni ya malori mpaka ananuka dizeli. Wa jirani pia ni hivyo. Huku ni sisi Wasamia, kule ni sisi Wasamia, mtu anavuka kama kuvuka uwanja ya mjomba, hakumbuki hata kwamba amelala nchi ingine. Mchana Kenya inakula jasho yao, usiku inakula hesabu yao. Na babu yangu alirusha jiwe mpaka Tororo ili jina yetu ifunikwe na watu wa chura?

Nikakuja kukaa karibu na wewe. Nikasema, "Mama Nabwire, nimeshindwa." Hukujibu. Lakini ile kunyamaza yako naijua, ni ile ya kusema, "Fikiri, mzee."

Nikafikiri. Na nikapata, maana kichwa bado iko.

Desturi yetu unaijua. Siku ya kumbukumbu ya mama, mtoto halali nje ya boma, hata akiwa mkubwa wa serikali. Kumbukumbu yako walikuwa wananisukuma niifanye, na kila msimu nasema wimbi imekataa shambani, mihogo imeoza. Mihogo haikuoza. Wanasema baada ya kumbukumbu marehemu ndio amekwenda kabisa, na mimi sikuwa na haraka hiyo. Sasa nikaona, kama ni kwenda, basi enda ukiwa na kazi.

Nikaipanga ianguke usiku ile ya sensa. Na sikuita wetu tu. Nilipita kwa kila moshi nikauliza, "Mtoto wako hajakula kwa sufuria ya Mama Nabwire?" Hakuna aliyesema hapana. Nikasema, "Basi huyo ni mama yake. Alale nyumbani."

Wandera akapiga simu. "Baba, hii kumbukumbu ni ya Mama ao ya serikali?"

"Ni ya mama yako. Serikali itakuja kama mgeni."

Wakaja! Ungeona. Wakashuka na watoto wao, na magodoro kwa kichwa, na bibi mmoja wa Nairobi anauliza choo iko wapi kila dakika. Tuliomba, tukaimba, katekista akakusifu mpaka nikauliza kama ni wewe ao ni mtu mwingine. Walilala mpaka jikoni, mpaka kwa ghala.

Asubuhi karani wa sensa akafika, msichana wa kutoka Kiyeyi, viatu mkononi sababu ya mawe yetu. Akakaa, akasema, "Mzee, hapa jana walilala watu wangapi?"

"Walilala."

"Wangapi?"

"Wa kutosha."

Akageukia Nabwire. Nabwire anatazama ndege. Akageukia Wandera, mwanaume mzima anahesabu kontena kila siku ya Mungu. Akasema, "Sista, kontena nahesabu. Watu wa mama yangu, hapana."

Msichana karibu alie. "Sasa mimi niandike nini? Niandike hakuna mtu?"

Hiyo ikanichoma. Kumbe kwa kukuheshimu tutajifuta wenyewe! Nyumba imejaa na karatasi itakuwa tupu. Nikafungua mdomo nitaje, ulimi ikakataa.

Ndio Nabwire akaenda jikoni. Akarudi na ile sufuria yako kubwa, akamwaga viazi kwa ungo, moshi inapanda. Kumbe aliamka mapema akaweka kama wewe, huyu na yule, kimya kimya. Akaita mmoja mmoja. Mtu anakuja, anachukua kiazi yake, anasema jina yake. Karani anaandika. Hakuna aliyehesabu mtu, na hakuna aliyebaki nje.

Mpaka ungo ikabaki na moja.

Karani akauliza, "Na huyu ni nani?"

"Hiyo ni ya mgeni," nikasema.

"Na mgeni yuko wapi?"

"Amekalia kiti yangu."

Akacheka, akaweka kalamu chini. Alikuwa ametembea bila chai. Alipouma tu, Wandera akasema, "Sista, sasa umekula mtu wetu."

Akajibu, mdomo imejaa, "Ameiva vizuri."

Ukampenda papo hapo, najua.

Karani akaendelea na nyumba zingine, na kwa kila mlango alikuta watu. Basi, jina imebaki. Chairmani alipanda tena juzi kunipa habari, safari hii hahemi sana. Mabale ni Mabale. Wale wa bondeni wananuna, chura zao zinanuna. Pampu bado ni ya mdomo, lakini ahadi sasa iko na mwenyewe.

Kitu ingine ni kidogo. Jumamosi iliyopita nilikuwa nafunika sufuria, nikasikia pikipiki inalia kwa mawe. Ni Wandera. Amefunga jerikani mbili za maji nyuma, ameshusha, amejikuna. Hakuna kumbukumbu, hakuna sensa.

Nikauliza, "Kuna nini?"

"Hakuna, Baba. Nilikuwa napita tu."

Nikamtazama yeye, nikatazama barabara inavyoishia kwa mlango wetu. Nikatoa kiazi yake, nikamwambia, "Kaa."

Lala vizuri, Mama Nabwire. Kama ulishakwenda kabisa vile wanasema, sijaona.

Ni mimi mume wako,
fisi aliyerudi,
Baba Nabwire wa mwisho wa barabara.