Nafasi ya Naivasha

Themi, Arusha.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, yeyo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la Kisongo kimekuachia sasa mvua imenyesha. Ndama wa yule ng'ombe mwekundu ameshasimama vizuri? Na akina mama wa kwaya, mmekubaliana rangi ya sare za Krismasi au bado mnavutana? Mimi huku sijambo, nakula vizuri na masomo yanakwenda.

Utashangaa kupokea karatasi kutoka kwa mtoto anayekaa karibu hivi, tena mwenye simu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungelia, na wewe ukilia mimi hunyamaza. Safari hii sitaki kunyamaza. Naomba uisome peke yako, hadi mwisho.

Unamfahamu Dokta Pudensiana, yule mwalimu wa Rombo, mshauri wangu wa masomo. Hapa chuoni kila mwanafunzi hupangiwa mwalimu wa kumwongoza achukue kozi zipi na atengeneze vipi maisha yake ya mbele. Zaidi ya hayo, nafasi zikitokea, yeye ndiye anayependekeza majina. Nami nilikuja kuelewa kwamba nafasi ndizo kila kitu. Darasani wote tunasoma miamba ile ile, lakini aliyepelekwa mlimani akaigusa, aliyefanya kazi maabara wakati wa likizo, huyo ndiye anayeitwa kazini.

Mwaka wa kwanza wenzangu walipokwenda Ol Doinyo Lengai, jina langu halikuwamo. Dokta aliniambia kwa upole nibaki nipange mawe kwenye makabati. Nikabaki. Mwaka wa pili wakatafutwa wanafunzi wa kupima maji ya chemchemi za Meru, haya haya maji yanayotutia meno rangi ya kahawia. Mimi nilikuwa nimeandika habari za kisima chetu, na Dokta mwenyewe aliisoma kazi yangu mbele ya darasa. Halafu nikaambiwa kule kuna miteremko mikali, nisubiri. Hata maabara alinikataza kukaa karibu na moto. Nilikuwa naongoza darasa, Mama, na bado nikawa mtu wa kuwasindikiza wengine. Nilijiuliza nimemkosea nini mama wa watu. Mwisho nikasema ovyo mbele ya wenzangu kwamba hawapendi watu wa upande wetu.

Wewe nilikuwa nakusimulia yote. Kila nilipokuja nyumbani nimevimba macho ulinimiminia maziwa, ukanifuta machozi kwa ncha ya khanga yako, ukaniambia riziki ya mtu haichukuliwi na mwingine. Nilikuwa nikirudi chuoni nimepoa.

Mwaka huu ikaja Naivasha. Ni muhula mmoja huko Kenya, kwenye visima vya mvuke, ambako joto la chini ya ardhi linageuzwa umeme. Si mbali, ni kuvuka Namanga tu. Walisema makundi yatakuwa mawili, moja litangulie na jingine lifuate mwezi unaofuata. Kundi la kwanza akapata Sia, yule binti wa Marangu ninayekaa naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Umemwona: ndiye aliyekataa katakata nisilale kitanda cha juu, nami nikadhani anapenda makuu. Sia hunifuata kwa alama, na mwenyewe anajua. Hata hivyo nilimfungia begi, nikamsindikiza stendi.

Pale stendi alinikumbatia akalia kuliko nilivyotegemea. Kabla hajapanda akaninong'oneza, "Nanyori, sasa nani atakuangalia usiku? Usiache dawa zako, tafadhali." Nikamuuliza dawa gani. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemfichia mwenzake aibu, kisha kondakta akamhimiza, akapanda.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi ofisini kwa Dokta. Sikuketi. Nilimuuliza mimi naumwa nini.

Alifunga mlango, akanishika mkono, akaniambia nisione haya. Akasema mama yangu alimweleza kila kitu tangu ile siku alipoleta unga na maziwa, mwaka wa kwanza. Kwamba nina kifafa. Kwamba huanguka bila dalili yoyote, na kwamba mama alimsihi aniepushe na milima, mashimo na safari za mbali, wala asiutaje ugonjwa wenyewe mbele yangu, maana nikiusikia unatajwa hunipanda. Ndiyo sababu naye alimwomba Sia anichunge chumbani.

Nilicheka, Mama. Kilikuwa kicheko kibaya, nami mwenyewe kilinitisha. Nikamwambia sijawahi kuanguka tangu nizaliwe. Akajibu, kwa upole ule ule, kwamba wagonjwa wengi hukana. Mtu mwenye shahada tatu, muda wote huo hakuniuliza hata neno moja. Na sasa nilipomwambia habari za mwili wangu mwenyewe, hakuniamini. Neno lako lilikuwa limetangulia, na lilikuwa neno la mama.

Ndipo nikampigia baba. Alikuja kesho yake amevaa koti la kanisani. Wewe alikuaga kwamba anakwenda mnadani. Dokta alimsimulia, naye akasikiliza ameinamia fimbo yake, hakumkatiza. Alipomaliza, baba akasema, "Mwalimu, huyu mtoto hajaanguka hata siku moja. Aliyeanguka ni mama yake, siku tulipoletewa habari za Lekishon, na mpaka leo hajainuka." Akamweleza jinsi kaka alivyokwenda kusini kuchimba madini, shimo likamfunika, tukarudishiwa nguo zake tu. Sijawahi kumsikia baba akizungumzia jambo hilo kirefu vile.

Dokta alilia. Aliniomba radhi mbele ya baba, akasema alifanya kosa la kunilinda bila kunisikiliza. Jina langu likaingia kundi la pili, na baba akatia sahihi ya ruhusa.

Tulipotoka, baba aliniomba jambo moja: usijue kwamba tunajua. Alisema atakuambia nimepelekwa mafunzo Dodoma, tambarare, wala hakuna shimo. Nilimwitikia. Barua hii ndiyo inayovunja ahadi hiyo, na usimgombeze yeye kwa hilo. Nimechoka kuona tunapendana kwa uongo nyumbani kwetu.

Mama, najua uliogopa. Lekishon alikuwa kaka yangu, nami nilizishika nguo zile. Ungeniita jikoni ukaniambia, "Mwanangu, naogopa, usiende," huenda ningebaki. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: huenda ningebaki, tena kwa hiari yangu. Badala yake ulinipa ugonjwa, ukawapa watu wengine siri ya mwili wangu, na machozi uliyoyasababisha ukayafuta kwa mkono wako mwenyewe. Angenizuia adui ningejua namna ya kumkabili. Wewe nilikuwa nakukimbilia.

Barua hii nimempa shangazi Resiato akukabidhi baada ya ibada ya Jumapili. Utakapoisoma nitakuwa nimekwisha vuka Namanga. Sikuja kukuaga. Nilivaa viatu mara mbili nije Kisongo, mara zote mbili nikavivua, kwa kuwa nilijua ungenikumbatia nami nisingeondoka.

Siombi uniandikie kuniomba radhi. Ila Sia ataniuliza, na darasa zima litauliza kwa nini nilikuwa nikiachwa. Nimeamua nitawaambia sijawahi kuumwa. Nani alisema naumwa, hilo sitalijibu. Mlango huo nimekuachia wewe uufungue ukiwa tayari. Dokta yupo ofisini kila siku ya kazi, na kwake unapafahamu.

Msalimie baba kwa heshima, na bibi, na akina mama wote wa kwaya. Mwambie shangazi asante. Muhula ukiisha nitarudi Arusha. Kama nitafika hadi Kisongo, bado sijui. Ukiniombea usiku, usiombe nirudi. Omba nifanye vizuri.

Ni mimi mwanao,

Nanyori Lemburis